MJADALA: Chevrolet Nova ya 1975 haipimwi moshi, ya 1976 inapimwa. Magari ya kale ya California yasamehewe au yasisamehewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita. Najua wapo hapa mafundi, wapo wapenda mikweche, na wapo wanaotuona sote wagonjwa. Karibuni nyote.

Nina Chevrolet Nova ya 1976. Niliinunua imelala chini ya mlimao nyuma ya nyumba ya watu, tairi zimezama ardhini, panya wamezaa kwenye kiti cha nyuma. Miaka mitatu naifufua kila Jumamosi. Nimenyoosha bodi, nimekata kutu ya sakafuni na kuchomelea bati jipya, nimefungua ile V8 ya lita 5.7 mpaka pistoni zikapangwa kwenye meza ya chakula (mama watoto hajasahau). Kabureta yake ni Rochester Quadrajet, nimeifungua mara nne. Anayeijua Quadrajet hataniuliza kwa nini.

Jirani yangu, mzee wa Kimeksiko, naye ana Nova. Umbo lilelile, injini ileile, ukiziweka pamoja mtu wa kawaida hazitofautishi. Ila yake ni ya 1975. Sheria ya California inasema gari la petroli la mwaka 1975 kurudi nyuma halipimwi moshi, maisha. Kuanzia 1976 linapimwa kila miaka miwili. Mzee akiwasha asubuhi, nguo zilizoanikwa zinanuka petroli hadi jioni. Hakuna anayemuuliza.

Mimi nikaenda kupima. Kwanza kupata kituo ni kazi, maana magari ya 1976 hadi 1999 yana mashine yake ya zamani na vituo vingi vimeshaitupa. Nilipopata, magurudumu ya nyuma yakawekwa juu ya roli, gari likakimbizwa maili 15 kwa saa, kisha 25, bomba linanuswa. Likapita! Tena kwa nafasi. Tangi likapimwa kama linavujisha mvuke, likapita. Halafu kijana akafungua boneti, akatazama, akatikisa kichwa. Mwenye gari wa zamani alikuwa ametoa chombo cha asili cha chujio la hewa na kufunga kile cha duara chenye mfuniko wa kromu unaong'aa kama sahani ya pilau ya harusi. Chombo cha asili kina bomba la kuvutia hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi, na hilo linahesabiwa kifaa cha kupunguza moshi. Hakipo, basi umefeli. Kwa hiyo gari langu ni safi kwa mashine, chafu kwa macho.

Kwa wasiojua historia: zamani msamaha ulikuwa unatembea. Gari likifikisha miaka 30 linaachwa. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa na mwaka uliofuata mstari ukagandishwa pale 1975. Tangu hapo gari la 1976 linazeeka bila kustaafu.

Mwaka 2025 Shannon Grove wa Bakersfield, seneta wa jimbo la California, alileta muswada SB 712, watu wakauita Sheria ya Leno, kwa sababu ya Jay Leno, yule mchekeshaji wa televisheni mwenye magari ya kale yasiyo na idadi kule Burbank. Alikwenda mwenyewe Sacramento, kwenye bunge la jimbo, kuutetea. Ulitaka gari lenye miaka 35 au zaidi, lenye bima ya magari ya kale, lisipimwe tena. Seneti ikaupitisha. Mwishoni mwa Agosti ukafia kwenye kamati ya matumizi ya bunge la chini.

Msimamo wangu niuseme mapema: sitaki msamaha wa jumla. Nataka kipimwe kinachotoka kwenye bomba, basi. Likipita, mfuniko wangu wa kromu unamhusu nani? Nyie mnasemaje?

Mama wa Fresno

Kaka, hongera kwa kazi ya mikono yako, nasema kweli. Lakini niruhusu nikuambie ninakoishi. Fresno iko bondeni, Sierra Nevada mashariki, milima ya pwani magharibi. Hewa ikiingia huku haina pa kutokea. Mwanangu wa pili ana pumu. Zipo siku shule haiwatoi watoto uwanjani. Begi lake lina daftari, lina chakula, lina dawa ya kuvuta.

Sasa hoja zenu wapenda magari huwa mbili. Ya kwanza, magari ni machache. Ya pili, yanaendeshwa Jumapili tu. Nazikubali zote mbili, halafu nauliza: kama ni machache na yanatoka Jumapili tu, kuyapima mara moja kwa miaka miwili kunawaumiza nini? Shirika la mazingira la serikali kuu linasema gari jipya la leo ni safi kwa asilimia 98 hadi 99 kuliko la miaka ya 1960 katika sehemu kubwa ya uchafu wa bomba. Igeuze hesabu hiyo uone gari moja lisilopimwa ni sawa na mangapi ya majirani.

Na hilo la "pimeni bomba tu", hapo kaka umekosea. Gari la kabureta linatoa mvuke wa petroli hata likiwa limezimwa, limeegeshwa, mwenyewe yuko kanisani. Jua likipiga tangi, mvuke unatafuta njia. Ndiyo maana kuna ule mkebe wa mkaa wa kuumeza. Mtu akiutoa kwa sababu haung'ai, roli lako halitamwona.

Mzee wa Long Beach

Vijana, mimi nilifika Los Angeles 1971 kusoma. Wiki ya kwanza nilimuuliza mwenyeji wangu, mbona mji huu hauna milima kama nilivyoambiwa? Akacheka. Baada ya siku kadhaa ikanyesha, na asubuhi nikafungua dirisha nikaona milima imesimama pale, karibu kama mtu aliyekuja usiku bila kubisha hodi. Ilikuwepo siku zote. Macho yalikuwa yanawasha, koo linakwaruza, nasi tulidhani ndivyo miji mikubwa ilivyo.

Mtu aliyefumbua fumbo hilo alikuwa mwanakemia wa chuo cha Caltech, Arie Haagen-Smit, Mholanzi. Kabla ya hapo alikuwa anachunguza ladha ya nanasi! Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari, ukipigwa na jua, unazaa ule ukungu wa kahawia uliokuwa unaficha milima. Wenye viwanda vya mafuta walimpinga sana.

Gari langu la kwanza lilikuwa Impala ya 1962, nyeupe, kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi la msikitini. Tulikaa watatu mbele na bado unaweza kuweka kikapu. Bomba la nyuma sikulitazama hata siku moja. Mwaka 1979 mafuta yalipoadimika tulipanga foleni kwa namba za gari, witiri siku yake na shufwa siku yake, na Impala ile ilikuwa inakunywa ikiwa imesimama palepale kwenye foleni. Nililiuza mwaka huohuo na niliumia kama nimeuza ng'ombe wa mahari.

Nasema nini? Nalipenda gari lile mpaka leo. Lakini kila ninapoona milima asubuhi bila kusubiri mvua, najua ni sheria hizi hizi mnazozilalamikia.

Mkenya wa Nairobi

Nyinyi watu wa Amerika mna raha. Huku gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini kutoka nje, nanyi mnabishania la karibu nusu karne. Mimi nitumieni tu huo mfuniko wa kromu.

Kijana wa Betri

Mbona mnahangaika? Tupeni injini, wekeni umeme. Ford wenyewe mwaka 2021 walitoa mota ya kufunga kwenye magari ya zamani, Eluminator, nguvu za farasi 281. Hakuna moshi, hakuna kupimwa, hakuna Quadrajet. Na kabla hamjaniambia eti "si gari lile tena", nendeni Havana. Chevrolet za miaka ya 1950 zimejaa barabarani, ukifungua boneti unakuta injini ya dizeli iliyotoka nchi nyingine kabisa. Na watalii wanapiga picha na kusema Chevrolet.

Mzee wa Long Beach

Mwanangu, Wakuba walifanya vile kwa sababu spea zilikatika, hawakuwa na la kufanya. Na mota hiyo ilitolewa bila betri. Mwambie mwenzako bei ya betri ndipo umwambie "mbona mnahangaika".

Fundi Gereji

Mleta mada, nakuheshimu lakini unaomba kitu ambacho kipo. Sheria ya California ina kipengele cha magari ya kale: likiwa na miaka 35 au zaidi na lina bima ya aina hiyo, unalipeleka kwa mwamuzi wa serikali, si kituo cha kawaida. Anapima bomba, anapima kifuniko cha tangi, anaangalia kama petroli inavuja. Likipita hapo, chombo chako cha hewa hakiulizwi. Kwa hiyo kromu yako inaweza kubaki. Watu wengi hawajui, hata vituoni hawakuambii.

Halafu niseme kama fundi. Vile vifaa vya 1976 mnavyovitukana havikuwa na kosa peke yake. Miaka ile kampuni za magari za Detroit zilikimbizwa na sheria ya hewa ya 1970, zikabandika mabomba na valvu juu ya injini za zamani badala ya kubuni mpya. Ndiyo maana Corvette ya 1975, gari la michezo, injini yake ya kawaida ilikuwa na nguvu za farasi 165 tu. Mtu wa kwanza kulinunua alitoa mipira ile yote akidhani ataongeza nguvu. Asilimia kubwa ya ninaowaona wanaofeli wanafeli kwa dhambi za marehemu. Valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, ukiitafuta ya asili leo utakuta iko kwenye boksi la mtu anayejua thamani yake.

Mama wa Fresno

Fundi, hapo nimekuelewa. Mtu mwenye gari linalopita bomba, mkebe wake wa mkaa upo, petroli haivuji, mimi sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kuachwa kabisa. Na huyo mzee wa 1975 wa nguo kunuka, mbona kila mtu anampita kimya?

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Nilinyamaza siku tatu kwa sababu nilifuata njia ya Fundi.

Nilipiga simu kwa kampuni ya bima ya magari ya kale. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Swali la kwanza: gari linalala wapi? Nikasema barabarani, mbele ya jengo tunalopanga. Akasema lazima liwe ndani ya gereji inayofungwa. La pili: una gari jingine la kila siku? Nikasema ipo Corolla ya mke wangu, na siku za zamu yake ya usiku mimi naenda kazini na Nova. Kimya kidogo. Akasema Nova haiwezi kuwa gari la kwenda kazini. Tukaagana vizuri.

Sasa ndugu zangu rudini kwenye ule muswada wa Leno. Nao ulitaka bima hiyohiyo. Nilikuwa nauombolezea mwezi mzima, kumbe hata ungepita usingenigusa. Msamaha uliopo na msamaha ulioombwa vyote vinapitia mlango wa gereji. Mwenye nyumba yenye gereji mbili na Lexus ya kazini analiokoa gari lake la kale. Anayeendesha mkweche kwa sababu ndio alionao anabaki kutafuta chombo cha hewa cha nusu karne iliyopita. Sisemi Leno ana nia mbaya, la hasha. Nasema mstari tuliodhani unatenganisha moshi na hewa safi, ukiufuata kwa vidole unakufikisha kwenye hati ya nyumba.

Mama, kuhusu mvuke umenishinda, nakubali bila kinyongo. Mkebe wangu wa mkaa upo, niliununua mpya mwaka jana, lakini niliununua kwa sababu tu ulikuwa kwenye mchoro wa chini ya boneti. Sikujua kazi yake mpaka uliposema. Nafuta lile neno la "bomba tu". Naweka: bomba, mvuke na uvujaji, kwa kila gari la zamani, awe na gereji au hana, la 1975 likiwemo.

Mzee wa Long Beach, shikamoo. Habari ya milima nimemsomea mke wangu. Ameniuliza kwa nini mimi nasimulia pistoni tu.

Chombo cha asili nimekipata. Kilikuwa kwenye Nova ya 1977 uwanja wa magari mabovu, bomba lake la hewa moto limepondeka lakini nimelinyoosha kwa mpini wa nyundo. Jumamosi narudi kupima. Ule mfuniko wa kromu, samahani Mkenya, nimempa jirani. Ameufunga jana kwenye ile ya 1975, na umemkaa kama alizaliwa nao.