Wametuuzia mashine ya kupachika vipuri vidogo vya elektroniki kwenye bodi za saketi, wakaiwasha, wakasainisha karatasi, wakaondoka. Nyakato tumekwama!

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za sola, haya ni mambo mengine kabisa.

Sisi ni kikundi cha mafundi, karakana yetu iko Nyakato, Mwanza. Tunatengeneza kontrola, yaani bodi za kuendesha taa za sola za wavuvi wa dagaa, na wateja wetu wako kuanzia Igombe hadi Ukerewe. Miaka yote tumekuwa tukichomea kwa mkono. Rizista (kipuri cha kupunguza mkondo wa umeme) ya saizi ya 0603 ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8, kuwakalisha vijana wapange vitu hivyo kwa kibano kutwa nzima ni kuwaua macho. Na bodi ya asubuhi haifanani na ya jioni. Taa ikizima katikati ya ziwa, dagaa wanatawanyika na petroli ya injini imeshateketea, mvuvi anarudi na hasara. Ndiyo maana tukakopa, tukanunua mashine ya kupachika vipuri pamoja na oveni yake ya kuyeyushia solda kwa wakala mmoja wa Dar. Jina silitaji kwa sasa, tunaandikiana barua naye.

Mkataba unasema "kufunga, kuwasha na kufundisha". Walichofanya ni kuwasha.

Fundi wao alifika, akaiweka mezani, akachomeka umeme na hewa, akafungua programu ya mfano iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Akatandika gundi ya pande mbili juu ya bodi tupu, mashine ikapanga rizista pale kwa mwendo wa kupendeza, kila mtu akapiga picha. Kisha ikatolewa karatasi yenye maneno "mashine imewaka na inafanya kazi", mwenyekiti akasaini alichokiona, fundi akawahi ndege. Bodi YETU haikuguswa. Fida zetu (vilishio vya vipuri) hazikupangwa. Hakuna aliyeonyeshwa namna ya kuingiza faili la vipimo vya vipuri, namna ya kuilekeza kamera kwenye alama za kulenga, wala namna ya kuweka kimo cha nozeli (ncha yenye tundu inayonyanyua kipuri) kwa kila aina ya kipuri. Hiyo ndiyo kazi yenyewe! Ni sawa na kumuuzia mtu mtumbwi ukiwa nchi kavu, ukamwambia umeona mwenyewe hauvuji.

Tulipoanza na bodi yetu, mashine ikawa inanyanyua kipuri, inasita, inakitupa kwenye kisanduku cha taka. Inanyanyua kingine, inatupa. Rizista ni bei ndogo, sawa, lakini ilikuwa inatupa na mosfeti (swichi za umeme) na aisii (chipu), vitu tunavyoagiza nje na kuvisubiri. Tukapiga simu. Jibu: "safisheni nozeli". Tukasafisha. "Badilisheni nozeli." Tukabadilisha. "Vipuri vyenu ni feki." Hapo ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu vipuri hivyo hivyo tukichomea kwa mkono vinafanya kazi.

Kijana wetu mmoja aliyesoma fizikia vizuri ndiye aliyegundua tatizo, si wao. Mashine hii hunyanyua kwa mfyonzo. Pampu inavuta hewa kupitia nozeli, kipuri kinaziba tundu, na kihisio kinapima: mfyonzo ukifika kiwango kilichowekwa, mashine inaamini imeshika kitu, usipofika, inahesabu kwamba haikushika, inatupa na kurudia. Kiwango cha kiwandani kwenye mashine yetu ni kilopaskali 80 (kilopaskali ni kipimo cha kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa). Sasa, usawa wa bahari kanieneo la hewa ni kama kilopaskali 101. Huku kwetu ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ni kama 88. Pampu haiwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Ile inayofikisha 90 Dar, hapa Mwanza inaishia 78 hata ukiziba nozeli kwa kidole! Kipuri kimeshikwa vizuri kabisa, unakiona kwa macho, mashine inasema hakuna.

Dawa yake ni kushusha kiwango hicho kwenye mipangilio. Dakika mbili. Ila ukurasa huo umefungwa kwa neno la siri, na wakala anasema neno la siri ni la "mafundi walioidhinishwa" tu. Tukitaka, tulipie upya safari ya fundi, nauli na malazi juu yetu. Mashine ni yetu, mkopo tunaulipa sisi, namba moja ndani ya mashine hatuna ruhusa ya kuibadilisha!

Na kuna jambo baya zaidi. Mashine inatunza kumbukumbu ya kila badiliko, na ukurasa wa kumbukumbu haukufungwa. Siku ya onyesho imeandikwa wazi kwamba ukaguzi wa mfyonzo ULIZIMWA kabla ya kuanza, na baada ya onyesho ukawashwa tena. Kwa hiyo fundi wao aliona tatizo. Alijua mashine haitafikia kiwango kile hapa, akaficha, akapata sahihi, akaondoka. Huo si uzembe, huo ni udanganyifu, na picha ya ukurasa huo tunayo.

Oveni nayo. Walituuzia kwa mkupuo mmoja oveni pamoja na makopo ya solda ya uji (ya kugandishia vipuri kwenye bodi) isiyo na risasi. Solda hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi, na bodi inatakiwa ifike karibu 240 kwa muda mfupi ndipo ishike. Oveni walituachia imepangwa kilele cha 210, mpango wa solda ya zamani yenye risasi inayoyeyuka kwenye 183. Bodi zikatoka na chengachenga za kijivu, vipuri unavipukuta kwa ukucha. Hili tulilirekebisha wenyewe kwa sababu oveni angalau haijafungwa. Lakini muuzaji aliyeuza vyote viwili kwa risiti moja hakuona haja ya kuhakikisha vinapatana?

Sitaki hata kuanza habari ya kompresa waliyotuambia "yoyote inafaa", bila draya (kikausha hewa) wala chujio, katika mji wa ziwani wenye unyevu huu. Maji yakaingia kwenye mipira ya hewa hadi kwenye fida. Draya tumenunua wenyewe.

Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kipindi cha giza. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika nchi kavu na kutengeneza vyombo. Oda yetu ilitakiwa itoke mbalamwezi hii. Sasa vijana wamerudi kwenye vibano, wanakesha, na mashine imefunikwa turubai.

NYONGEZA: Naona mnaosema "mlinunua cha bei rahisi". Hapana. Bei haikuwa rahisi, na hata ingekuwa rahisi, mkataba umeandika kufundisha. Na wewe uliyesema tuzime ukaguzi wote tuendelee: ukaguzi nao uko nyuma ya neno la siri lile lile, na hata ukizimwa, kipuri kikidondoka njiani mashine haitajua, utapata bodi zenye mapengo na utazigundua mteja akirudisha taa.

Mkuu uliyeuliza kuhusu sheria, asante sana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa matumizi ya kitu auze kitu kinachofaa kwa matumizi hayo. Tulimweleza kwa maandishi kwamba mashine inakuja Mwanza na bodi ni za aina gani. Barua ya madai imeshaandikwa: atupe neno la siri, alete fundi kwa gharama zake, na fundi asiondoke mpaka bodi yetu, yenye vipuri vyetu, ipite kuanzia stensili (bati lenye matundu la kupakia solda) hadi oveni na kuwasha taa. Akikataa tunakwenda Tume ya Ushindani na picha zetu.

Ombi langu kwenu: walionunua mashine za namna hii Arusha, Iringa, Mbeya, angalieni kiwango chenu cha mfyonzo. Mbeya ni kama mita 1,700, huko hali itakuwa mbaya kuliko huku. Kama na nyinyi mlifanyiwa onyesho la gundi kisha mashine ikaanza kutupa vipuri, fungueni ukurasa wa kumbukumbu, pigeni picha kabla hamjaizima, na mnifuate PM tuandike barua moja.