Mti wa avoka juu ya lava ya 2002: naomba ushauri

Wandugu wa Goma, parseli (kiwanja changu) iko juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002, jiwe tupu, na kuhama sitaki. Shimo limepasuliwa kwa mtaimbo: upana mita 1, kina sentimita 70. Magunia 6 ya udongo mweusi yameletwa na chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma), yakachanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Taabu iko chini: jiwe lina nyufa, ukimwaga ndoo ya maji inapotea mara moja, na udongo unaifuata kidogo kidogo. Naona niweke chini kokoto za lava, kisha gunia kuukuu, kuzuia udongo. Saruji hapana, maji yatatuama na avoka huoza mizizi upesi. Kina hicho kinatosha, au nipasue zaidi? Na majani yakiunguzwa na mvua yenye moshi wa Nyiragongo, mnayaosha?