Kikundi cha Familia: Jumamosi Twenda Tiwi

JUMATANO

Mama Rayyan: Asalam aleikum nyote. Shule zimefungwa na wa Nairobi wako huku Mombasa mpaka Jumatatu. Nasema Jumamosi twende Tiwi, ile hoteli iliyo karibu na dimbwi la Afrika, lile la mwambani lenye umbo la bara. Nimepiga simu: wa kutwa wanaruhusiwa, kiingilio kinakatwa kwenye bili ya chakula.

Shangazi Majengo: Wa aleikum salaam. Naja na mahamri na mbaazi.

Mama Rayyan: Shangazi, chakula cha nje hawataki 😩

Shangazi Majengo: Tutakula garini kabla ya geti. Mbaazi haziogelei.

Swaleh: Tutoke saa 4 basi, tusiamshane alfajiri.

Ami: Mkitoka saa 4 mtaenda kuitazama bahari tu. Jumamosi mwezi 15, mpevu, bamvua hiyo, maji hujaa sana na kutoka sana. Maji yatapwa mpaka mwisho kama saa 4 na robo asubuhi. Saa 7 yako njiani kurudi, saa 10 dimbwi limemezwa lote, hata ukingo huuoni.

Swaleh: Ngoja niangalie kwenye simu

Swaleh: 4:21 😳

Ami: Simu imechelewa kidogo.

Dada Nairobi: Jumapili je? Jumamosi nilitaka kulala.

Ami: Yawezekana. Kila siku maji husogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo Jumapili ni saa 5 na kitu. Lakini msiniambie Jumamosi ya pili. Hapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na kupwa kwenyewe ni jioni.

Mama Rayyan: Jumamosi. Imepita.

Swaleh: Feri au barabara ya Dongo Kundu?

Mama Rayyan: Sisi wa kisiwani feri. Wa Changamwe na Mikindani pitieni Dongo Kundu, mna kazi gani na foleni ya Likoni? Na kila mtu aje na viatu vya mpira, mwamba ule ni wembe. Mtoto wa miguu mitupu atabaki na Nyanya.

JUMAMOSI

Swaleh: [picha] Hili hapa. Afrika nzima mpaka na pembe yake! Kijana wa hapa anatuonyesha na kashimo ka pembeni, anasema Madagascar.

Ami: Bukini hiyo. Mpe kijana chochote, msimtoe bure.

Dada Nairobi: Maji yana joto jamani, kama mtu ameyachemsha

Ami: Yamekaa juani kwenye mwamba. Watoto wasiachie ukingo. Na mwambie Rayyan arudishe hicho kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, majini, namwona kutoka hapa barazani.

Mama Rayyan: Unaona vipi umbali huu??

Ami: Simwoni. Namjua.

Dada Nairobi: 😂😂 Amekirudisha. Sasa wamegawana nchi. Rayyan kashika Misri, wangu wako Afrika Kusini, wanapigania Kongo.

Swaleh: Hivi vidude vyeusi vya miiba viko vingi kwenye nyufa. Hakuna kuingiza mkono shimoni!!

Ami: Saa 6 hii. Tokeni.

Swaleh: Ami bado kukavu kabisa

Ami: Hapo ulipo ndipo pakavu. Tazama njia mliyokuja nayo.

Swaleh: Ee. Tunakuja.

Shangazi Majengo: Chakula tuliagiza saa 5 hakijatoka. Nimeingia jikoni kuuliza.

Mama Rayyan: Shangazi umeingia JIKONI?

Shangazi Majengo: Nimeuliza tu. Samaki wa kupaka hakutiwa ukwaju, wanakamua ndimu. Tui lakini zito, sina neno. Madafu baridi.

USIKU

Mama Rayyan: Alhamdulillahi, sote tumefika. Nimegawanya bili, watoto sikuwahesabu. Nimemtumia kila mtu sehemu yake faraghani, rudisheni kwa M-Pesa kabla sijaanza kutaja majina hapa.

Swaleh: Nimetuma.

Dada Nairobi: Kesho in shaa Allah

Mama Rayyan: Jina la kwanza limepatikana.

Swaleh: Nyanya anasema mara nyingine apelekwe Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingilia baharini, akaswali adhuhuri akae chini ya mibuyu. Ami, wiki mbili zijazo maji yakoje?

Ami: Mwezi mwandamo, bamvua tena, asubuhi kama leo. Lakini Nyanya haogelei. Zungukeni kwa gari kupitia Diani, siku yoyote anayotaka yeye.