X-Trail gia boksi imekufa: niifungue au ninunue used ya Japan?

mtu_wa_ilula
Habari za humu wakuu, naombeni ushauri maana nimekwama. Nina Nissan X-Trail T31 ya 2008, cc 2000, gia boksi yake CVT (ile isiyo na gia za kawaida, inatumia mkanda wa chuma na puli mbili). Juzi kati natoka Dar nimejaza watu na mizigo, napandisha Kitonga, kwenye zile kona gari ikaanza kukosa nguvu, nakanyaga mafuta rpm zinapanda injini inalia ila gari haiendi na nyuma yangu malori yameshapanga foleni. Nikaweka pembeni ikapoa ikaondoka, ila tangu siku hiyo haijarudi kawaida, ukiweka D inachelewa kushika halafu inashtuka, na ikifika spidi 60 inavuma vibaya. Fundi hapa Iringa kapima kwa mashine ikaleta kodi ya hitilafu P0868, akasema gia boksi imekwisha. Kuifungua na kuifanyia ovaholi anataka milioni 1.4, used ya Japan ameambiwa milioni 2.3 bado ufundi. Gari ndo inanipeleka kazini na kupeleka watoto shule. Lipi lina unafuu wa kweli, siyo unafuu wa mwezi mmoja?

spana14
Pole sana mkuu. Kabla hujatoa hata shilingi muulize huyo fundi kama ameshusha sampu, lile bakuli la oil chini ya gia boksi. P0868 inakwambia presha ya oil kwenye puli ya pili imeshuka, basi, haikwambii kwa nini imeshuka. Inaweza kuwa oil imepungua, filta imeziba, valvu bodi (inayogawa presha ya oil) inasumbua, pampu imechoka au kweli mkanda na puli vimelika, na hivyo vyote bei zake haziko sawa hata kidogo. Ile ya Kitonga kukosa nguvu halafu ikipoa inaondoka peke yake isingenitisha, CVT oil ikichemka sana kompyuta inapunguza nguvu makusudi ili gia boksi isiungue. Kinachonitisha ni huo mvumo na kushtuka baada ya hapo.

Mwambie ashushe sampu wewe ukiwa umesimama hapo hapo. Chini kuna sumaku, zikiwa na tope jeusi laini ambalo ukilisugua kwa vidole halina chenga, hiyo ni kawaida ya gari iliyotembea. Ukikuta vichuma vinang'aa vinachoma vidole, ujue mkanda umeanza kula puli. Oil ikiwa na rangi ya chai ya maziwa basi maji ya rejeta yameingia, hilo ni tatizo lingine kabisa. Na muulize aliyefanya sevisi mara ya mwisho aliweka oil gani, hiyo gari inakula NS-2, oil ya CVT ya Nissan, kuna watu wanajaza haidroliki ya kawaida ya Toyota wanaona zote ni oil tu, wanaua gia boksi za watu.

gerezani_boy
Namuunga mkono spana14 ila mi niongelee hiyo 1.4 ya ovaholi maana hapo ndo watu wanaliwa. Kwa automatiki ya kawaida ya gia nne, kama ile ya IST ya zamani, ovaholi ina maana, kinachokufa mara nyingi ni klachi na seli (mipira ya kuzuia oil), unanunua seti yake ya vipuri, fundi anayejua anafunga na gari inatembea miaka. CVT siyo hivyo. Ndani kuna mkanda wa chuma unabana kati ya puli mbili, puli ikishachimbika ukirudisha mkanda juu yake hata uwe mpya utaliwa tu. Sasa muulize fundi kwenye hiyo 1.4 mkanda mpya upo? Puli zipo? Nina uhakika atakwambia anabadilisha seli, gasketi, filta na kusafisha. Hapo umelipia usafi. Kama chuma kimeonekana kwenye sampu, chukua used.

Ila used nayo usinunue kwa simu. Namba ya gia boksi iliyoko kwenye kibati chake ifanane na ya kwako, ya cc 2500 siyo ya kwako, na ya four wheel haiingii kwenye two wheel. Ije na tok kanveta yake, ile inayounganisha injini na gia boksi. Muuzaji akikataa usifungue sampu uone sumaku kabla ya kulipa, achana naye, maduka yako mengi. Na gerentii iandikwe kwenye risiti kuwa siku zinaanza kuhesabiwa gari ikishafungwa, kwa sababu ukisafirisha kwa basi mpaka Iringa na fundi akakaa nayo wiki, gerentii ya siku saba inakuwa imeisha hata hujawasha.

mama_wawili
Naongezea kitu ambacho kilituumiza sana nyumbani. Tulinunua used nzuri tu, fundi akafunga, haikumaliza miezi miwili ikaanza yale yale. Kuja kuangaliwa na mtu mwingine, kula ile ya kupoza oil haikuoshwa, vyuma vyote vya gia boksi ya zamani vilibaki humo vikarudi kwenye hii mpya. Kaka yangu hakikisha kula inaoshwa au inabadilishwa kabisa, na ile filta ndogo ya karatasi inayokaa kwenye kula nayo ibadilishwe, mafundi wengi wanabadilisha ya kwenye sampu tu. Halafu kabla ya kutoa milioni mbili na kitu pima kwanza hali ya injini, isije kuwa unaweka gia boksi nzima kwenye injini inayokula oil.

mtu_wa_ilula
Asanteni sana wadau. Sampu imeshushwa leo nikiwepo. Sumaku zina nywele za chuma zinang'aa na chini ya sampu kuna vipande vidogo unavishika kabisa kwa kucha. Mkanda na puli kwenye ile 1.4 havimo, amekiri mwenyewe. Injini haili oil kabisa. Fundi sasa anasema tujaribu kwanza kumwaga oil tuweke mpya tuone, mnasemaje?

spana14
Usifanye hivyo mkuu. Kwa hali hiyo NS-2 yote utakayomwaga humo ni hasara, itunze hela ya oil iingie kwenye gia boksi utakayofunga. Tafuta used, na hiyo ya zamani usimwachie fundi bure, kava na tok kanveta vina wateja, kata kwenye bei ya ufundi.

Wakati wa kufunga tok kanveta iingie mpaka mwisho kabla gia boksi haijakutana na injini, akilazimisha kuvuta kwa bolti anapasua pampu siku hiyo hiyo. Na ikishafungwa mtafute mtu mwenye mashine inayoingia kwenye kompyuta ya gia boksi, afute data za ile ya zamani isome za hii, kila valvu bodi ya hiyo CVT inakuja na data zake. Wasipofanya hivyo itashtuka shtuka na watakwambia used uliyonunua ni mbovu. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu tu haitoshi, muulize kabisa kwenye simu kabla hujampelekea gari.