Kiangazi cha kwanza Chicago: besiboli, bia na mchicha kibarazani. Naanzia wapi?

Mtoto_wa_Ilala

Habari zenu wadau. Nimehamia Chicago tangu Januari, nakaa Rogers Park, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba ya matofali ya zamani yenye kibaraza cha mbao upande wa nyuma. Kipindi chote cha baridi maisha yalikuwa kazini na nyumbani tu. Sasa theluji imeisha na watu wamebadilika kabisa. Majirani wananisalimia, mwenzangu wa kazini anataka twende uwanja wa Wrigley Field kuwaona Cubs, timu ya besiboli ya hapa, na bibi wa chini ameshaanza kupanga vikopo vya udongo dirishani.

Mimi ni mtu wa soka, nimezoea dakika tisini na goli. Besiboli nimeitazama kwenye televisheni na sijaona utamu wake uko wapi. Watu saa mbili na zaidi wamekaa, wanakula, wanaongea, na bado wanatoka wamefurahi. Mtu anafurahia nini pale? Anakula nini, anakunywa bia gani? Kili na Safari sizioni huku.

La pili, na ndilo kubwa kwangu, ni mchicha. Natamani mchicha niliouchuma mwenyewe. Kibaraza kinapata jua tangu asubuhi mpaka kama saa saba mchana. Inawezekana? Mliokaa huku muda mrefu naomba mniongoze.

Mmarangu

Karibu sana, mdogo wangu. Umeuliza mambo mawili, lakini mimi nitakujibu kama jambo moja, kwa sababu katika mji huu kalenda yao ni moja.

Ligi inaanza mwishoni mwa Machi na mechi za kawaida zinakwisha mwishoni mwa Septemba. Kila timu inacheza mechi 162, nusu yake nyumbani. Sasa tazama bustani. Mwishoni mwa Machi ndipo unapanda mbegu za nyanya ndani, dirishani. Katikati ya Mei ile baridi ya kugandisha umande, yaani jalidi, inakuwa imeondoka, unatoa miche nje. Julai na Agosti unachuma. Oktoba, timu nyingi zikiwa zimeshafunga mwaka, jalidi ya kwanza inaangusha nyanya zote. Mimi huwa nafungulia mechi redioni nikiwa kibarazani namwagilia, na besiboli inafaa kusikilizwa kuliko mchezo wowote ninaoujua. Mtangazaji ana nafasi ya kukueleza upepo unatoka ziwani au unaelekea ziwani, na pale Wrigley upepo ni habari kubwa. Ukivuma kutoka ziwani, mipira ya juu inarudishwa ndani. Ukivuma kuelekea ziwani, inaruka hadi barabarani.

Mimi natoka Marangu. Kwetu kihamba kinaanzia mlangoni: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini zaidi. Huendi shambani, unaishi humo. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, inanywewa hapo hapo, watu wamekaa, hakuna anayeulizana saa. Nilipokaa Wrigley mara ya kwanza, nikaona watu wamepakata chakula, bia mkononi, mazungumzo yanakwenda na kurudi, nilielewa kwamba hawasubiri goli. Wamekuja kukaa. Mpira unawapa la kuongea, na ghafla kuna sekunde tano ambazo wote wanainuka kwa pamoja.

Ukitaka kuuelewa, usitazame uwanja mzima. Tazama watu wawili tu: mrushaji na mpigaji. Mrushaji anajaribu kumpitishia mpira ndani ya eneo fulani, kati ya magoti na kifua hivi. Ukipita humo, au mpigaji akizungusha gongo lake la kupigia akakosa, ni straiki. Straiki tatu anatoka. Mipira minne ikipita nje ya eneo, anakwenda kituo cha kwanza cha kukimbilia bure. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana, na timu zote mbili zikishapiga, hiyo ni iningi moja. Iningi ni tisa. Mengine utayajua ukiwa umekaa, kwa kumuuliza jirani wa kiti. Watu wa hapa wanapenda sana kuulizwa, na huo ndio mlango wako wa kupata marafiki.

Kuhusu urefu, kuanzia 2023 mrushaji anahesabiwa sekunde: 15 kama hakuna mtu kwenye vituo. Kabla ya hapo mechi ya kawaida ilizidi saa tatu, sasa ni kama saa mbili na dakika arobaini. Wazee wengine walilalamika. Mimi naona wamefanya vizuri, kwa sababu kilichopungua ni kurekebisha glavu, siyo mchezo.

Nenda mechi ya mchana. Wrigley ni uwanja wa 1914 na haukuwa na taa mpaka 1988, ndiyo maana hadi leo mechi nyingi zinaanza saa saba na dakika ishirini mchana. Panda treni ya Red Line hapo Morse au Loyola, shuka Addison, uwanja uko mbele yako. Nunua viti vya benchi za wazi nyuma ya wachezaji wa mbali. Chini yako kuna ukuta wa matofali uliofunikwa na mmea unaotambaa, uliopandwa 1937. Aprili utaona kamba tupu za kahawia. Juni ukuta wote ni kijani. Mpira ukizama ndani ya majani, mchezaji anainua mikono miwili juu, mwamuzi anasimamisha mchezo na mpigaji anapewa vituo viwili. Napenda sana mchezo ambao sheria yake moja inategemea mmea. Juu ya benchi kuna ubao wa matokeo wa tangu mwaka huo huo wa 1937, na bado kuna watu ndani yake wanaobadilisha namba kwa mkono.

Chakula: kula soseji ya Chicago angalau mara moja. Mkate una mbegu za popi juu, soseji ni ya ng'ombe, kisha haradali, kitunguu kilichokatwa, kachumbari ya tango ya kijani kibichi inayong'aa, vipande vya nyanya, tango refu la siki, pilipili ndogo za siki, na chumvi ya figili (selari). Tomato sosi hawaweki, na ukiomba watakutazama. Nyanya mbichi, kitunguu, pilipili na siki: mtu aliyekulia kwenye kachumbari hahitaji kufundishwa kuipenda.

Lakini bei za uwanjani ni kali. Cubs wanaruhusu kuingia na chakula chako, na maji katika chupa ya plastiki isiyofunguliwa. Ila soma taratibu zao kabla hujatoka, na begi lisiwe kubwa. Mimi huenda na sambusa na chapati zilizokunjwa kwenye foili. Sijawahi kurudi na sambusa nyumbani, maana lazima nigawe benchi nzima.

Bia: ukizoea Kili na Safari, omba laga au pilsna. Uwanjani wazee wanakunywa Old Style, laga nyepesi ambayo asili yake ni Wisconsin, na kwenye jua la Julai inafaa. Hakikisha una pasipoti au kitambulisho, umri ni miaka 21. Goose Island walianza hapa Chicago 1988, na bia yao ya ngano iitwayo 312 imechukua namba ya simu za katikati ya mji. Ni laini, anza nayo. Baadaye jaribu zile zenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Wengi wetu wanazikimbia kwa uchungu. Mimi mbege ya kwetu hutiwa uchungu kwa magome ya msesewe, kwa hiyo hopsi hazikunishinda. Bia moja ya baridi kibarazani jioni ya Juni, jua likizama saa mbili na nusu usiku, umeshamwagilia, kwangu hiyo inatosha kabisa.

Sasa mchicha, ndugu yangu. Unawezekana na unastawi. Kibaraza chako kinatazama mashariki, na Juni jua la hapa linachomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri. Mpaka saa saba ni zaidi ya saa saba za jua, na mchicha hauhitaji zaidi. Nunua ndoo za lita 19 duka la vifaa vya ujenzi, zile zinazofaa kwa chakula, toboa matundu chini. Udongo nunua ule wa vyungu. Usichote udongo wa uani! Nyumba za zamani za hapa zilipakwa rangi yenye risasi, na risasi bado imo ardhini pembeni ya kuta.

Usiharakishe. Mchicha unachukia udongo wa baridi. Subiri mwanzo wa Juni, mwaga mbegu kwa wingi juu, funika kidogo sana. Baada ya kama wiki nne unaanza kukata. Usiung'oe, kata shina juu ya majani mawili matatu ya chini, utachipua tena. Unachoweza kupanda mapema, hata Aprili, ni sukuma wiki. Watu weusi wa Marekani waliohamia hapa kutoka kusini walikuja na majani ya kolardi, na ni hiyo hiyo. Baridi haiitishi. Oktoba ikishapigwa na jalidi inakuwa tamu zaidi.

Na funika nyanya zako kwa wavu. Kuchakuro wa Chicago wanapanda hata ghorofa ya tatu.

Binti_Kisauni

Asalaam aleikum. Kaka Mmarangu amesema yote ya kaskazini, na mimi niseme ya kusini, maana mji una timu mbili na hakuna anayezungumzia ya pili.

Sisi tuliosoma shule za msingi Kenya tulicheza raunda, kwa hiyo besiboli haikunitisha. Unapiga, unakimbia vituo, unarudi nyumbani. Tofauti ni gongo kubwa na glavu. Nikakaa South Side, mume wangu ni mtu wa White Sox tangu utotoni, basi nikawa wa White Sox. Cubs walichukua ubingwa 2016 baada ya miaka 108 na dunia yote ikalia nao. Sisi tulichukua 2005 baada ya miaka 88 na hakuna anayekumbuka, isipokuwa Papa Leo, mtoto wa huku kusini, ambaye alikuwepo uwanjani mechi ya kwanza ya fainali zile. 2024 tulipoteza mechi 121 na bado tulikwenda. Tiketi zilikuwa rahisi, watoto walikimbia, tulikula.

Na chakula cha kwetu ndicho hasa. Uwanjani kuna mahindi ya Kimeksiko, wanayapukuchua kwenye kikombe na kutia siagi, jibini, ndimu na pilipili. Mimi mtu wa mahindi na ndimu na pilipili tangu ufukwe wa Mama Ngina kule Mombasa, nilipoonja nilitulia. Silewi wala sinywi bia, na sijawahi kuona nimekosa kitu. Limau ya barafu inatosha.

Wenzangu Waislamu: soseji kuandikwa ng'ombe haimaanishi halali. Ukitaka nyama ya uhakika, nenda Devon Avenue, si mbali na Rogers Park. Mbuzi, bizari, tui, bamia, mbaazi, mihogo ya barafu, vyote viko. Mchicha wako ukiwa tayari, tui lako litoke huko.

Mwalimu_Upanga

Mtoto wa Ilala, usiseme besiboli ni ya mbali. Pale shule ya Azania, Upanga, Dar, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na vijana wetu wanacheza. Timu ya watoto ya Uganda ilifika mashindano ya dunia ya Little League kule Pennsylvania mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Na Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kufika ligi kuu ya Marekani, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mechi yake ya kwanza 2017 akiwa na Pittsburgh ilikuwa dhidi ya hao hao Cubs. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, dhidi ya mrushaji wao Jon Lester, akaupiga mpira akafika kituo cha kwanza. Nilitazama marudio usiku nikiwa Dar na nikapiga kelele nyumba nzima ikaamka.

Mtoto_wa_Ilala

Asanteni sana wakubwa. Dada Kisauni, wikiendi hii naenda Devon. Kaka Mmarangu, ndoo ngapi naweza kuweka kibarazani? Nilifikiria kumi na tano. Na mbegu za mchicha wenyewe napata wapi, maana dukani nimeona maua tu?

Mmarangu

Kumi na tano hapana, mdogo wangu. Ndoo ya lita 19 ikishamwagiliwa ni kilo ishirini na zaidi. Mwaka 2003 kibaraza cha mbao cha Lincoln Park kilianguka kikiwa kimejaa watu, wakafa 13, na vibaraza vya nyumba hizi nyingi ni vya aina ile. Weka nne au tano, zipange karibu na ukuta wa nyumba, usiziweke pembeni, na mwulize mwenye nyumba kwanza kibaraza kilikaguliwa lini. Ngazi ziache wazi, ni njia yako ya moto.

Ukiona hamu ya kulima imezidi ndoo tano, tafuta kitalu kwenye bustani ya jamii. Kuna shirika linaitwa NeighborSpace linalomiliki viwanja vya bustani za namna hii mji mzima ili visiuzwe vikajengwa. Wenye bustani ndio wanaogawa vitalu, na orodha hujaa mapema, kwa hiyo uliza wiki hii.

Mbegu: maduka ya Kiasia ya mtaa wa Argyle yanauza mchicha wenye madoa mekundu katikati ya jani, ni mtamu na unakua haraka. Ule wa kijani wa kwetu ninao, ninaacha mashina mawili kila mwaka yatoe mbegu. Nitumie ujumbe, nitakupa bahasha. Njoo uichukue Wrigley mechi yoyote ya mchana ya Mei, tukae benchi za wazi upande wa kushoto. Chapati nitaleta mimi, wewe leta pilipili.