Mrejesho: Kisu cha ulu katika jiko la kila siku

Ndugu zangu, niliwauliza kama ulu, kisu cha jadi cha wanawake wa Kiinuiti na Kiyupiki (wenyeji wa asili wa maeneo ya Aktiki) chenye makali ya tao na mpini uliokaa juu ya bapa, kingefaa kwa mapishi yetu ya kila siku hapa Anchorage, Alaska. Nawashukuru nyote mliojibu, hasa aliyenisisitizia nitafute ubao uliochongwa kibonde katikati, kwani huo ndio uliofanya kazi: kitunguu saumu na giligilani havitawanyiki tena, na kwa kuwa mkono hukandamiza moja kwa moja juu ya makali, inatosha kuyumbisha kisu huku na huku mpaka majani yawe laini. Mama mkwe wangu, mwenye baridi yabisi ya vidole, sasa anakata sukuma wiki mwenyewe, jambo lililonifurahisha kuliko yote.

Kumenya viazi kumeshindikana kabisa, na nyanya zilizoiva zilipondeka mpaka nilipokinoa upya. Ushauri wa kukizungusha polepole juu ya kinoo kwa kufuata tao lake ulisaidia, ingawa pembeni bado hakijashika makali vizuri. Kwa kumenya, naendelea kutumia kisu kidogo cha kawaida.