Juisi ya ndulele inauzwa kwenye chupa za maji: tuiache au ipigwe marufuku?

Mleta mada
Wakuu, salamu. Sokoni kwetu siku hizi kuna juisi ya ndulele kwenye chupa za maji za nusu lita. Haina lebo. Muuzaji anasema inatibu tumbo, inasafisha damu na "kuamsha homoni", maana ndani mna steroidi za asili (jamii ya kemikali ambamo homoni za uzazi zimo).

Ndulele naijua tangu utoto: miiba, maua ya zambarau, tunda la njano. Jino likiuma, bibi alitutafunisha mzizi, ila alisimama pale pale kuhakikisha tunatema. Huko kutema ndiko kulikonileta hapa.

Ni kweli mna kitu chenye umbo la steroidi, kinaitwa solasodini. Ndani ya tunda kimefungamana na sukari, kikawa solamajini na solasonini. Viwanda vya dawa viliwahi kuigeuza solasodini kuwa homoni, na Wasovieti walilima mmea wa ukoo huo kwa kazi hiyo. Lakini kugeuza huko kunataka hatua kadhaa za kemia, na tumbo la mtu si kiwanda. Tumboni vitu hivi hunasa kolesteroli iliyo kwenye utando wa seli na kuutoboa. Ndipo mtu anatapika na kuhara, halafu anaambiwa "uchafu unatoka".

Hoja yangu: ya kutafuna na kutema iachwe. Ya kunywa isiuzwe mpaka ipimwe.

Mjukuu wa Mganga
Kaka, unataka kutuzibia riziki. Mnavu ni ukoo mmoja na ndulele, nyanya chungu pia, bilinganya pia, viazi mviringo pia. Mbona hivyo hamvipigii kelele? Na huko Ulaya ashwagandha, ile dawa ya mizizi ya Kihindi, inauzwa madukani, nayo ni ya ukoo huo huo. Cha mzungu dawa, cha babu sumu!

Mama Kisii
Mnavu kwetu ni rinagu, Nairobi wanaita managu. Nachemsha, namwaga maji ya kwanza, natia maziwa, nalaza usiku kucha, kesho yake ni utamu mtupu. Sasa baba watoto hataki nimwage. Hayo maji anayanywa eti ni dawa ya vidonda vya tumbo. Machungu kama shubiri. Nimwache?

Fundi wa Maabara
Dada, moto wa jikoni hauviui vitu hivi alivyovitaja mleta mada kwa kiasi cha maana. Mboga inapungua uchungu kwa sababu vinahamia kwenye maji. Kwa hiyo mzee wako anakunywa kile ambacho wewe na watoto mnamwaga. Majani ya mnavu wa kulimwa huwa navyo kidogo; balaa liko kwenye vitunda vibichi vya kijani, vitoe unapochambua mboga.

Mjukuu, viazi vilishapigiwa kelele. Kuna kisa madaktari walikichapisha mwaka 1979: shule moja ya wavulana London iliwapikia watoto viazi vilivyosalia tangu muhula uliopita. Waliugua 78, wakalazwa 17. Viazi hivyo, chakula cha kila siku! Leo watafiti wa mbegu za viazi wanahakikisha sumu za aina hii ndani ya viazi hazizidi miligramu 200 kwa kilo. Ndulele ya kwenye chupa imewekewa namba gani? Na ashwagandha uliyoitaja, Denmark waliipiga marufuku 2023, wakihofia inavuruga homoni za tezi ya shingo na za uzazi. Steroidi zake ni za aina nyingine, withanolidi, lakini swali ni lile lile.

Sidharau dawa za babu. Solamajini inaua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, na wanaoichunguza wana sababu. Ila kwenye kisahani hata sabuni ya unga inaziua.

Mzee wa Pwani
Sisi tunauita mtunguja. Mkipiga marufuku itauzwa gizani, na bei itapanda. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la Tanzania lipo kwa sheria ya 2002. Muuzaji aipeleke ikasajiliwe, basi.

Mleta mada
Shikamoo mzee. Hapo kwenye gizani umenigusa, sikuwa nimefikiria hilo. Nalegeza neno "marufuku", ila kupimwa sikuachii.

Mjukuu, bila ugomvi: chupa moja mnakamulia matunda mangapi?

Mjukuu wa Mganga
Inategemea. Kiangazi matunda ni madogo, masika yananenepa. Mimi huangalia rangi ya maji.

Mleta mada
Mabichi na yaliyoiva mnachanganya?

Mjukuu wa Mganga
Yanayopatikana siku hiyo.